Siku Tatu za Mfano wa Umoja wa Mataifa Jijini Arusha: Tathmini ya Mwalimu Mlezi

Kongamano ninalolitathmini hapa ni la mfano wa Umoja wa Mataifa, zoezi ambalo wanafunzi wetu wamezoea kuliita MUN, lililofanyika kwa siku tatu jijini Arusha na kuzikusanya shule za sekondari kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Nililihudhuria nikiwa mwalimu mlezi wa klabu ya shule yetu, nikikaa kwenye viti vya nyuma ambavyo walimu hutengewa kwa sharti la kufunga midomo. Jina la waandaaji silitaji, kwa kuwa nina ya kuwasifu na ya kuwalaumu, na mwalimu aliyewahi kupeleka wanafunzi kwenye makongamano mengine ya aina hii atayatambua mengi ya haya hata bila kutajiwa jina. Mada kuu ilikuwa haki za binadamu na usawa wa kijamii. Hukumu yangu naiweka mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike: mwanafunzi akishaingia kamatini, ada aliyolipiwa inarudi yote, lakini mwalimu atakayetegemea kijitabu cha maandalizi kilichotolewa na waandaaji peke yake atarudi nyumbani na vijana wenye ufasaha mwingi na maarifa pungufu kuhusu haki hizo hizo walizozijadili.

Kwa asiyelijua zoezi lenyewe, mwanafunzi hupewa nchi isiyo yake, akausoma msimamo wa serikali ya nchi hiyo, akaandika waraka mfupi wa msimamo, kisha akakaa kamatini nyuma ya kibao chenye jina la nchi hiyo na kuutetea msimamo huo hadi rasimu ya azimio ipigiwe kura. Zoezi hili lina umri mkubwa kuliko Umoja wa Mataifa wenyewe, maana wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa wakiigiza vikao vya Ushirika wa Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja huo, tangu miaka ya 1920. Ulaya nayo ikawa na kongamano lake kubwa la shule mjini The Hague tangu mwaka 1968, na kwa jinsi hiyo yakakua mapokeo mawili ya kuendesha vikao. Katika mapokeo ya The Hague, mjumbe huruhusiwa kuja na rasimu aliyoiandika nyumbani, na saa za mwanzo hutumika kuunganisha rasimu zinazofanana. Katika mapokeo ya Kimarekani, rasimu iliyotoka nyumbani ni kosa, kwa sababu kila aya inapaswa kuzaliwa ndani ya mazungumzo ya wajumbe wenyewe. Nalieleza hili kwa urefu kidogo kwa kuwa waandaaji wa Arusha waliyachanganya mapokeo hayo bila kutoa taarifa. Barua ya mwaliko iliruhusu rasimu za nyumbani, mwenyekiti wa kamati moja akazikataa asubuhi ya kwanza, na wa kamati ya jirani akazipokea. Shule zilizokuwa zimekesha zikiandika zilipoteza nusu siku zikibishana kuhusu utaratibu badala ya mada.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi, kwa sababu kila mwalimu wa shule ya serikali anajua hesabu hiyo ilivyo. Ada hulipwa kwa kichwa cha mjumbe, ya mwalimu huongezwa juu yake, na bado hapo hujagusa nauli, malazi na suti za kuazima. Kilichonikera ni namna nchi zilivyogawiwa. Shule iliyolipa kwanza ilichagua kwanza, hivyo Marekani, Uingereza, Ufaransa, China na Afrika Kusini zilikaliwa na wanafunzi wa shule za kulipia, wengi wao wenye uzoefu wa makongamano yaliyotangulia, huku sisi tuliosubiri michango ya wazazi hadi mwisho wa mwezi tukiambulia zilizobaki. Kongamano lenye usawa wa kijamii kwenye bango la mlangoni lingeweza kupiga kura ya bahati nasibu na lisitumie senti moja ya ziada.

Hata hivyo, kuambulia zilizobaki kulituletea Niger, na Niger ikamletea mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu somo ambalo darasa langu la uraia halijawahi kulitoa. Kamati yake ilikuwa Kamati ya Tatu ya Baraza Kuu, ile inayoshughulikia masuala ya kijamii, kibinadamu na kitamaduni, na ajenda yake ilikuwa ndoa za utotoni. Niger ni miongoni mwa nchi zinazotajwa kwanza mada hiyo inapoguswa, kwa kuwa takwimu za UNICEF zinaonyesha kuwa takribani wasichana watatu katika kila wanne huolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Wiki ya maandalizi alinifuata ofisini amekunja uso.

"Mwalimu, kwa hiyo nisimame mbele za watu niseme watoto waolewe?"

Nilimwambia aende kwanza akatafute kama kuna serikali yoyote iliyowahi kusimama New York ikasema hivyo. Alirudi baada ya siku chache akiwa ameelewa jambo ambalo ndilo roho ya diplomasia ya haki za binadamu: hakuna anayetetea ndoa za utotoni kwa jina lake. Serikali huzungumzia umaskini wa kaya, umbali wa shule, usalama wa wasichana njiani, nguvu ya mila na sheria za dini zinazokwenda sambamba na sheria ya nchi, kisha huomba muda na fedha. Kumfundisha kijana kuisikia lugha hiyo, akatambua wapi ni maelezo ya kweli na wapi ni mlango wa kutokea, ndiyo kazi ambayo kongamano hili liliifanya vizuri kuliko kitabu chochote cha kiada nilichonacho kabatini.

Siku ya pili alibanwa. Mjumbe wa Marekani, kijana mwenye Kiingereza cha kutiririka, alisimama na kuuliza ni kwa nini kamati iisikilize nchi yenye rekodi kama ile. Mwanafunzi wangu aliomba haki ya kujibu, akasubiri kibao chake kitambuliwe, kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko nilivyotamani, ni jimbo gani la Marekani lililokuwa la kwanza kupiga marufuku kabisa ndoa za walio chini ya miaka 18, na lilifanya hivyo mwaka gani. Jibu ni Delaware, mwaka 2018, na mjumbe wa Marekani hakuwa nalo. Akaongeza swali la pili: kama Marekani ilitia saini Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake mwaka 1980, mbona haijauridhia? Hapo yule kijana alijikaza na kutoa jibu la haki, kwamba Rais husaini lakini kuridhia kunahitaji idhini ya Seneti, tena kwa theluthi mbili, na theluthi mbili hizo hazijapatikana. Ukumbi uligonga meza kwa wote wawili. Mimi nilibaki na uchungu mmoja mdogo: katika ukumbi uliojaa Watanzania hakuna aliyesema kwamba mkataba huo ulipitishwa Desemba 1979 katika kikao cha 34 cha Baraza Kuu, na aliyekuwa Rais wa Baraza Kuu katika kikao hicho alikuwa Mtanzania, Salim Ahmed Salim. Ni mtu aliyekuwa balozi nchini Misri akiwa na umri wa miaka 22, umri ambao baadhi ya wenyeviti wa kamati zetu walikuwa wameshaupita, na sidhani kama kungepatikana mfano bora zaidi wa kuwapa vijana siku ya ufunguzi.

Mjumbe wa Tanzania, kwa upande wake, alikuwa na hotuba nzuri ya kujisifu, na kwa saa kadhaa hakuna aliyemgusa, nadhani kwa adabu ya ugenini. Ukimya huo ulivunjwa na Malawi. Msichana aliyeiwakilisha alieleza kwamba nchi yake ilirekebisha katiba mwaka 2017 ili kuuondoa mwanya ulioruhusu ndoa kuanzia miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, kisha akamwomba mwenyeji aeleze vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 vinasemaje. Mjumbe wetu hakuvijua. Ni vifungu vile vile, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, ambavyo Mahakama Kuu ilivitamka kuwa vinakwenda kinyume na katiba mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ikatoa mwaka mmoja vifanyiwe marekebisho. Mwaka ule ukapita, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo mwaka 2019. Mwanafunzi wa Kitanzania anaweza kuuona huo kuwa mkasa wa kumwaibisha, lakini kwa tathmini yangu dakika kumi zile zilikuwa na thamani kuliko hotuba zote za ufunguzi, maana zilimlazimisha kijana kuisoma sheria ya nchi yake kwa macho ya mgeni. Usiku huo nilimkuta yeye na wenzake bwenini, simu moja ikizunguka mikononi, wakiisaka hukumu.

Kamati iliyonivutia zaidi ya zote, ingawa ilipewa chumba kidogo kisicho na feni, ilikuwa ya kihistoria. Iliirudia Kamati ya Tatu ile ile, lakini ya mwaka 1948, ilipokaa Paris katika jengo la Palais de Chaillot chini ya uenyekiti wa Charles Malik wa Lebanoni na kuipitia rasimu ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu ibara kwa ibara. Waandaaji walichagua ibara chache, na ya 16, inayohusu ndoa, ndiyo iliyowasha moto. Saudi Arabia, kama alivyofanya mjumbe wake halisi Jamil Baroody, ilitaka maneno kuhusu umri kamili na usawa yaachiwe sheria za ndoa za kila nchi. Pakistani, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, ilisimama upande wa pili. Mwanafunzi aliyeiwakilisha alikuwa amesoma kwamba mjumbe wa Pakistani, Shaista Ikramullah, aliielewa ibara hiyo kuwa kinga dhidi ya ndoa za watoto na ndoa zisizo na ridhaa, na akaitumia hoja hiyo kwa ustadi kuwaonyesha wenzake kwamba mgawanyiko haukuwa wa dini moja dhidi ya nyingine kama walivyodhani walipoingia. Mwisho wa yote ibara ilibaki ikisema wanaume na wanawake waliotimiza umri, bila kutaja namba. Aliyehama kutoka chumba hicho kwenda ukumbi mkubwa aliona kwa macho yake jinsi namba iliyoachwa wazi mwaka 1948 ilivyokuwa bado inagombaniwa ghorofa ya chini.

Kamati hiyo pia ndiyo pekee iliyowafundisha wajumbe maana ya kujizuia kupiga kura. Tamko lilipopigiwa kura tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 zilijizuia: Umoja wa Kisovyeti na nchi tano zilizokuwa upande wake wakati huo au karibu nao, pamoja na Saudi Arabia na Afrika Kusini. Vijana wa kamati nyingine walikuwa wakipiga kura ya hapana kama mashabiki wa mpira, kila rasimu isiyo yao ikipingwa kwa shangwe. Wale wa kamati ya kihistoria walijua kwamba serikali yenye aibu ya kupinga hadharani hukaa kimya, na kwamba kimya hicho huandikwa kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti wao, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Uganda, alistahili sifa nyingine pia: alikuwa na saa, aliitazama, na hakumpendelea mtu.

Katika chumba hicho hicho kilitokea kisa kidogo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepewa Uingereza aliomba dakika mbili aseme kwa niaba ya Tanganyika. Mwenyekiti alimkatalia, na kwa kanuni alikuwa sahihi, kwa sababu mwaka 1948 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza, Kenya ilikuwa koloni lake, Zanzibar na Uganda zilikuwa nchi lindwa chini yake, na Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na kibao mezani. Lakini kanuni iliyomnyamazisha ilipaswa kufuatiwa na maelezo ya mlango uliokuwapo, yaani maombi yaliyoweza kupelekwa Umoja wa Mataifa na watu wa nchi za udhamini wenyewe. Mtu aliyeupita mlango huo alitoka kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambao ukitoka nje ya ukumbi unauona. Kirilo Japhet alisimama New York mwaka 1952 kuwatetea Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka uliotangulia, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Haki za binadamu, usawa, ardhi, ubaguzi wa rangi, diplomasia ya mnyonge, yote yamo katika shauri hilo moja, na kongamano la Arusha halikulitaja popote. Nimewaandikia waandaaji nikipendekeza liwe kamati ya kihistoria ya mwaka ujao, na nalirudia pendekezo hilo hapa kwa kuwa walimu wengine wakiandika vilevile huenda likasikika.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kijitabu cha maandalizi, ambacho ndicho udhaifu mkubwa wa huduma hii. Kina karatasi nzuri na picha za rangi. Kinasema Baraza la Haki za Binadamu lina wajumbe 53, ilhali lina 47. Hao 53 walikuwa wa Tume ya Haki za Binadamu, chombo kilichovunjwa Baraza lilipoundwa mwaka 2006. Kosa la namba mwalimu anaweza kulisahihisha kwa kalamu. Lisilosahihishika kwa kalamu ni kwamba kurasa zote za sura ya ndoa za utotoni zinazungumzia nyaraka za Umoja wa Mataifa peke yake, kana kwamba bara hili halijawahi kuandika chochote, wakati nyaraka za Afrika ndizo zilizotamka wazi kile ambacho Paris ilikiacha kining'inia. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unataja miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa na kuolewa. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, inayohusu haki za wanawake wa Afrika, inataja namba hiyo hiyo kwa wanawake. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake katika jiji hili hili tulilokuwamo, iliamua Mei 2018 kwamba Mali iliikiuka itifaki hiyo kwa sheria yake ya familia ya mwaka 2011 iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 16. Mjumbe wa Mali alikaa siku tatu kwenye kamati ya ndoa za utotoni bila kuulizwa swali hata moja kuhusu hukumu hiyo, kwa sababu wenzake hawakuijua, na naamini naye hakuijua.

Kutembelea mahakama hiyo hakukuwamo kwenye ratiba pia. Mchana wa siku ya tatu ulitengwa kwa ajili ya kupiga picha na kununua vinyago. Sina ugomvi na vinyago, lakini ziara ya saa moja mahakamani ingewapa wajumbe nafasi ya kuuliza swali gumu kuliko yote yaliyoulizwa kamatini, yaani ni kwa nini nchi iliyoikaribisha mahakama iliamua, Novemba 2019, kuondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja. Swali hilo lina majibu ya pande zaidi ya moja, na kijana aliyezoezwa kusema kwa niaba ya serikali asiyoipenda angeweza kuyajadili yote bila kumkosea mtu heshima.

Rasimu zenyewe za maazimio zilikuwa na magonjwa yale yale ninayoyaona kila kongamano. La kwanza ni kuamuru. Baraza Kuu na kamati zake hupendekeza, huhimiza, husihi na hutoa wito. Maamuzi yanayozifunga nchi wanachama ni ya Baraza la Usalama. Vijana wetu waliamuru kila aya, waliamuru Niger ijenge shule na Bangladeshi ifunge mahakama za vijijini, na ni mwenyekiti mmoja tu aliyewarudisha kwenye vitenzi vyao. La pili ni Benki ya Dunia, ambayo katika kila rasimu niliyoisoma ilipewa jukumu la kulipia kila kitu bila kuulizwa. Walionusurika ni kikundi kilichoongozwa na Zambia, kwa sababu mwanafunzi aliyeiwakilisha alikuwa amegundua kwamba Zambia na Kanada ndizo zilizoasisi maazimio halisi ya Baraza Kuu kuhusu ndoa za utotoni tangu mwaka 2013. Akayachapa, akaja nayo kwenye bahasha, na kwa siku tatu kila mtu alikuwa akiomba kuazima bahasha hiyo. Rasimu yake ndiyo iliyopita, tena kwa maafikiano bila kura, kama maazimio mengi ya Umoja wa Mataifa yanavyopita.

Lugha ya vikao ilikuwa Kiingereza peke yake, na hapo nina lawama ninayoitoa kwa uzito. Wajumbe kutoka Bujumbura na Bukavu, waliosomeshwa kwa Kifaransa, walikaa kamatini kama wageni msibani. Wakati wa mazungumzo ya nje ya kikao, kwenye korido na chini ya miti, watu wale wale walikuwa ndio wapatanishi, kwa sababu huko kila mtu alirudi kwenye Kiswahili, na makubaliano yaliyoiunganisha rasimu ya Zambia na ile ya Ufaransa yalifikiwa kwa Kiswahili, kisha yakaandikwa kwa Kiingereza na mtu mwingine aliyeyasoma mezani na kupigiwa makofi. Waamuzi wa tuzo hawakai korido. Tuzo ya mjumbe bora ilikwenda kwa aliyezungumza mara nyingi zaidi, na kijana wa Bukavu aliyewapatanisha kambi mbili alipata cheti cha kushiriki kama wengine wote. Umoja wa Afrika umekikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi tangu Februari 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake nayo yako Arusha, inakitambua; kongamano la ukanda huu linaweza walau kuanzisha kamati moja ya Kiswahili, ikiiga Bunge la Afrika Mashariki au Umoja wa Afrika, na kumpa fursa mwanafunzi ambaye fikra zake ni kubwa kuliko msamiati wake wa Kiingereza.

Mengine nayapita haraka. Chakula kilitosha na kilifika kwa wakati, chai ya saa nne ilikuwa na vitafunwa vya maana, na waliokuwa wamefunga waliwekewa sahani zao za jioni bila kulazimika kuomba. Mabweni yalikuwa safi. Vipaza sauti viliharibika kila siku baada ya chakula cha mchana. Wahudumu waliobeba vikaratasi vya wajumbe walikuwa wepesi na waadilifu, jambo linalohitaji kusemwa, kwani nimeona mahali pengine vikaratasi hivyo vikigeuka barua za mapenzi. Mlezi wa kike alikuwapo kila ghorofa ya wasichana, na namba yake ilibandikwa mlangoni.

Kwa mwalimu anayejiuliza kama apeleke wanafunzi, jibu langu ni ndiyo, ila apeleke wachache na awaandae kwa miezi miwili, badala ya kujaza basi kwa wiki mbili za kukariri hotuba. Mimi safari ijayo nitachukua wanne. Kila mmoja atabeba nakala ya Tamko la mwaka 1948, Itifaki ya Maputo, sheria ya nchi yake kuhusu mada husika na azimio moja halisi la kamati atakayokaa, vyote hivyo vikiwa vimechapwa, kwa kuwa intaneti ya ukumbini haikutegemeka. Anayependa kushindana na kupata kombe aombe Kamati ya Tatu ya kisasa, ambayo ina watu wengi na kelele zake. Mwanafunzi mwenye haya, mpenda kusoma, anayehitaji muda kabla ya kunyoosha kibao, apelekwe kamati ya kihistoria, ambako wajumbe ni wachache na kila mmoja hufikiwa na zamu. Nafasi za kamati hiyo hujaa mapema kuliko nyingine zote, kwa hiyo jina lake liandikwe kwenye fomu ya kwanza kabisa, hata kabla michango ya wazazi haijakamilika, kwani sekretarieti hukubali kuishika nafasi kwa barua ya mkuu wa shule, ingawa jambo hilo halikuandikwa mahali popote kwenye mwaliko.